Je, Ni Kweli Ajali Haina Kinga?

Wazee wetu walituachia methali nyingi, na nyingi katika hizo ni taa ya kumwongoza mtu njiani. Lakini methali ni kama kisu: asiyejua kukishika hujikata nacho. Iko methali moja tuisikiayo mara kwa mara msibani, hasa azikwapo mtu aliyeanguka kazini, nayo ni hii: Ajali haina kinga. Husemwa kwa sauti ya upole, waliokaa mkekani huitikia kwa vichwa, na maneno huishia hapo. Hapana aulizaye tena jambo lolote. Katika makala haya twataka kuuliza. Twataka kujua kama neno hilo ni kweli kwa fundi aangukaye kutoka juu ya nyumba anayomjengea mwenzake. Na kama si kweli, basi ni nani apasikaye kujibu kwa ajili yake.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu nyumba zetu zinabadilika. Zamani nyumba ya miti na udongo, iliyoezekwa kwa makuti au nyasi, ilikuwa fupi, na aliyeteleza kutoka paani mara nyingi aliinuka akajipangusa vumbi. Sasa kila kijiji kina nyumba za tofali na bati. Kuta zimepanda, kenchi zimekwenda juu, na wenye uwezo wameanza kujenga ghorofa. Kimo cha nyumba kimeongezeka, lakini uangalifu wa kupanda haukuongezeka pamoja nacho. Bado ngazi ni ile ya miti miwili na vijiti vilivyopigiliwa misumari, na jukwaa bado ni mirunda iliyofungwa haraka haraka, ili kazi iishe kabla ya mvua.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Neno ajali limetoka katika lugha ya Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, yaani saa ya mtu ya kufa. Mtu wa kale aliyesema kwamba ajali haina kinga alikuwa akisema kwamba kila aliyezaliwa atakufa, na siku yake ifikapo hapana dawa. Hilo ni kweli, wala hatuna ugomvi nalo. Lakini siku hizi neno lilo hilo twalitumia kwa gari lililopinduka, kwa mtumbwi uliozama, na kwa ngazi iliyovunjika. Hivyo maana mbili zimekaa katika neno moja, na maana ya pili imevaa heshima ya ile ya kwanza. Kwamba fundi atakufa siku moja, hiyo ni amri ya Mwenyezi Mungu. Kwamba amekufa leo saa nne asubuhi kwa kuwa mrunda ulioliwa na mchwa ulitiwa katika jukwaa, jambo hilo lina chanzo chake, na chanzo hicho kina mtu.

Tuvitazame vyanzo hivyo kimoja kimoja, maana asiyejua ugonjwa hawezi kujua dawa. Mara nyingi jukwaa huanguka kwa sababu mirunda yake ni mibovu, au miguu yake imesimama juu ya udongo mlaini bila ya kuwekewa ubao chini. Pengine jukwaa ni imara, lakini ubao wa kukanyagia haukufungwa. Fundi akikanyaga ncha moja, ncha ya pili huinuka, naye huenda chini pamoja na ndoo ya udongo. Ngazi nayo ikisimamishwa wima mno hurudi nyuma, na ikilazwa mno huteleza. Paani, papi iliyoshikwa na msumari mmoja hung'oka chini ya mguu. Bati lenye umande wa asubuhi huteleza kama samaki. Na upepo ukilikamata bati mikononi mwa fundi, humvuta yeye pia. Tena liko shimo la choo lililochimbwa leo na kuachwa wazi, ambalo usiku humngoja kijana anayelala hapo kulinda saruji.

Kila kimoja katika hivyo kina kinga yake, na kinga hizo hazihitaji elimu kubwa. Mrunda hugongwa na kutazamwa kabla ya kufungwa, na ulio mbovu hutupwa jikoni uwe kuni. Ubao hufungwa ncha zote mbili. Upande wa nje wa jukwaa hufungwa mti wa kuzuia, kwa kimo kama cha mita moja, ili mtu akirudi nyuma mgongo wake uguse kitu. Ngazi huwekwa hivi: kwa kila hatua nne za kwenda juu, mguu wake utoke ukutani hatua moja, ncha yake ipite ukingo wa ukuta kwa mita moja, nayo ifungwe juu. Bati hupandwa umande ukiisha kukauka, wala si wakati wa upepo mkali. Shimo hufunikwa. Na kwa paa lililo juu sana uko mkanda wa kazi unaoshika mabega na mapaja, wenye kamba inayofungwa kwenye boriti iliyo imara. Kamba ya kiunoni peke yake haitoshi, maana mtu akiangukia humo yaweza kumuumiza tumbo na mgongo.

Yafaa pia tujue jinsi anguko lilivyo la haraka, kwa sababu wengi hudhani kwamba mtu hodari ataruka au atajishika. Atokaye kimo cha mita tatu, yaani kimo cha ukuta wa nyumba ya kawaida, hufika chini kabla ya sekunde moja kutimia, naye hugusa ardhi kwa mwendo wa kilomita zipatazo 27 kwa saa, ambao ni mwendo wa baiskeli itelemkayo mlima. Katika muda huo mtu hapati hata nafasi ya kuita jina la mama yake. Basi uhodari hauna kazi hapo. Kilichokuwa kimeandaliwa kabla ndicho kitakachomwokoa, au hapana kitu.

Huenda msomaji akasema, "Hayo ni maneno ya vitabuni. Ni nani aliyeona kinga ikimrudisha mtu aliyekwisha kuanguka?" Tutamjibu kwa mfano wa kweli. Tangu mwaka 1933 hata mwaka 1937, huko Marekani, katika mji wa San Francisco, lilijengwa daraja kubwa liitwalo Golden Gate, lipitalo juu ya bahari. Siku zile wajenzi wa madaraja walikuwa na hesabu yao ya kusikitisha: kwa kila dola milioni moja za gharama, mtu mmoja atakufa. Daraja lile liligharimu dola zipatazo milioni 35. Kwa hesabu yao, vifo 35 vilikuwa vimekwisha kukubaliwa kabla ya jiwe la kwanza. Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, aliamuru watu wavae kofia ngumu, na chini ya daraja ukatandazwa wavu mkubwa wa kamba. Watu 19 walianguka wakadakwa na wavu ule, wakaishi.

Ni haki kusimulia na upande wa pili. Tarehe 17 Februari 1937, kazi ikikaribia kwisha, jukwaa zito lilikatika likaanguka pamoja na watu, likaupasua wavu, na wanaume 10 wakafa. Waliokufa katika kazi yote walikuwa 11. Kwa hiyo hatusemi kwamba kinga huondoa mauti duniani. Twasema hivi tu: wale 19, kama wavu usingalikuwapo, wangalizikwa, na makaburini pao yangalisemwa maneno yale yale kwamba siku zao zilikuwa zimefika. Kumbe hazikuwa zimefika. Lililopungua ni wavu tu.

Lakini daraja lile ni jambo la kutisha, na mtu akitazama bahari chini yake huogopa mwenyewe. Hatari ya nyumba zetu ni kwamba hazitishi. Hata watu wa Marekani, pamoja na mali yao yote, walidanganywa na nyumba fupi. Tangu mwaka 1995 kanuni yao ya ujenzi yasema kwamba mfanyakazi aliye juu kwa kimo cha futi 6 au zaidi awekewe kinga ya kuanguka. Lakini mwaka ule ule wajenzi wa nyumba za kukaa watu walipewa nafuu ya kutumia njia nyepesi zaidi, kwa hoja kwamba kanuni ile ni ngumu kwao. Nafuu hiyo ilidumu miaka mingi; ikafutwa Desemba 2010, na wajenzi wakaanza kubanwa mwaka 2011. Kumbukeni kwamba futi 6 ni kimo cha mtu mrefu tu. Waliotunga kanuni ile walijua kwamba shingo huvunjika hata kwa kimo hicho.

Sasa tufike penye swali lenyewe. Ikiwa kinga ipo, ni nani apasikaye kuiweka? Twasikia majibu matatu.

Jibu la kwanza ni kwamba tumwachie Mungu, yeye ndiye mlinzi. Mwenye kusema hivyo hudhani kwamba anasema neno la imani. Lakini sote tumesoma jinsi Bwana wetu alivyosimamishwa juu ya kinara cha hekalu, akaambiwa ajitupe chini kwa kuwa malaika watamchukua, naye akakataa akasema kwamba kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu. Ikiwa yeye hakukubali kujitupa kwa kutegemea malaika, sisi twapata wapi ruhusa ya kumpandisha mtoto wa mwenzetu juu ya papi iliyooza, tukisema kwamba malaika watamdaka? Tena tuangalie: mtu huyu huyu amchaye Mungu juu ya paa hafanyi hivyo juu ya ng'ombe wake. Zizi hulifunga kila jioni.

Jibu la pili ni kwamba aliyeanguka alikuwa mzembe, au amelewa, au hana baraka, au amelogwa. Jibu hili ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu humwumiza mtu mara ya pili. Bwana wetu alipoambiwa habari za watu wafao kwa msiba, aliwakumbusha wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataza watu kudhani kwamba wale walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Hatukatai kwamba wako mafundi wazembe. Wako wanaoona haya kuvaa mkanda wasije wakachekwa kuwa waoga, na wako wanaowapandisha vijana wasaidizi, wale tuwaitao saidia fundi, mahali ambapo wao wenyewe wanaogopa. Fundi wa namna hiyo ana hatia yake, na yafaa aambiwe. Lakini kinga njema hutengenezwa kwa kujua kwamba mwanadamu huchoka, husahau, na huteleza. Kama watu wasingeteleza, kinga ingekuwa ya nini?

Jibu la tatu husemwa na watu wenye akili, nalo lataka kupimwa vizuri. Husema hivi: fundi ni mtu mzima, alitaja bei, tukapatana, akakubali kazi pamoja na hatari zake, kwa hiyo hatari ni mali yake. Neno hili lina sura ya haki. Lakini tutazame mapatano yenyewe yalivyokuwa. Fundi alitaja bei. Mwenye nyumba akamwambia kwamba kuna fundi mwingine atakayefanya kwa nusu yake. Fundi akawaza ada ya shule na unga wa nyumbani, akapunguza. Alipopunguza, alipunguza nini? Saruji hakuipunguza, maana ni ya mwenye nyumba. Bati hakulipunguza. Alipunguza mirunda mizuri, siku ya kufunga jukwaa, na msaidizi wa kushika ngazi. Yaani alipunguza uhai wake, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa chake kukipunguza. Na sisi tuliyaita hayo mapatano. Kukubali kwa mtu mwenye njaa ni kukubali, lakini hakumwondolei mzigo yule aliyeijua njaa hiyo akaitumia.

Basi twaona kwamba mzigo wa kwanza ni wa mwenye nyumba. Hili si jambo jipya. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, aya ya 8, mwenye kujenga nyumba mpya ameagizwa aweke ukuta mdogo wa kuzuia pande zote za dari, asije mtu akaanguka kutoka juu, na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Siku zile dari za nyumba zilikuwa tambarare, na watu walikaa na kulala juu yake. Yafaa kuangalia mambo mawili katika agizo hilo. La kwanza, amesemeshwa mwenye nyumba, wala si yule atakayeanguka. Haikuulizwa kama mtu huyo ni mzembe au mlevi, mwenyeji au kibarua. La pili, agizo latangulia msiba. Tukilinganisha na sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli, zilizoandikwa karibu miaka 1750 kabla ya Kristo, tutaona tofauti. Yeye aliamuru kwamba nyumba ikimwangukia mwenyewe akafa, mjenzi auawe. Sheria ile yamngoja mtu afe, ndipo itafute wa kulipa. Tena yamlinda mwenye nyumba, si mjenzi. Sheria ya dari yataka kazi ifanywe huku wote wangali hai.

Twajua neno litakalotujia sasa: "Sisi ni maskini. Tajiri wa mjini aweza kununua mikanda na majukwaa ya chuma. Mimi nimeuza mahindi ya miaka miwili nipate bati." Neno hili ni zito, wala hatulicheki. Lakini gharama ya anguko haifutiki kwa kutolipwa mwanzo, huhama tu. Fundi aliyevunjika uti wa mgongo aweza kulala miaka mingi bila ya kusikia miguu yake. Mkewe atamgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asipate vidonda vya kitandani. Binti ataacha shule ili ashike jembe. Hayo yote ni sehemu ya bei ya nyumba, iliyolipwa na watu ambao hawatalala ndani yake hata usiku mmoja.

Wala si kweli kwamba kijiji hakina kitu. Katika vijiji vingi watu wana masufuria ya pamoja, turubai na mabenchi, vilivyonunuliwa kwa michango ili vitumike misibani. Ni jambo jema. Je, watu walioweza kununua kwa shirika vyombo vya kumzika fundi, hawawezi kununua kwa shirika ngazi mbili imara, mirunda iliyonyooka, mbao nene, kamba mpya na mkanda mmoja, viazimwe kwa kila anayejenga, kisha virudishwe? Ada ndogo ya kuazima itatosha kununua kamba nyingine ile ya kwanza ichakaapo. Michango tunayoitoa baada ya mtu kuanguka, sehemu yake tungeitoa kabla hajapanda.

Ziko sheria pia. Tanzania ilitunga sheria ya usalama na afya mahali pa kazi mwaka 2003, na ya fidia kwa wafanyakazi mwaka 2008, na mfuko wa fidia ukaanza kazi mwaka 2015. Kenya ilitunga zake za usalama na za fidia mwaka 2007. Ni sheria njema, na afanyaye kazi katika kampuni azijue. Lakini kibarua wa kijijini, aliyeitwa kwa mdomo na kulipwa jioni, mara nyingi jina lake halikuandikwa mahali popote. Kwake yeye sheria iko mbali, na mwenye nyumba yuko karibu. Palipo na upungufu wa sheria, hapo ndipo dhamiri huonekana kama ipo.

Na ikiwa, pamoja na kinga zote, mtu ameanguka, tusizidishe madhara kwa haraka ya huruma. Asiinuliwe kwa mikono na miguu kama gunia, wala asikalishwe anyweshwe maji. Kama hakuna hatari nyingine mahali hapo, aachwe alale alipo, kichwa chake kishikwe kisicheze, hata upatikane ubao mpana. Kisha watu wengi wamwinue pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja, apelekwe hospitali. Na mwenye nyumba aende pamoja naye, wala asijifiche asije akadaiwa.

Basi hatusemi kwamba methali ya wazee itupwe. Ina mahali pake. Mwenye nyumba aliyeitazama mirunda, aliyefunga ngazi, aliyelipa siku moja zaidi ili jukwaa lifungwe vyema, huyo msiba ukimfikia pamoja na hayo yote, na aseme kwamba ajali haina kinga. Nasi tutaketi karibu naye tumwitikie. Lakini asiyefanya hayo hana ruhusa ya kuisema, maana kwake yeye ajali ilikuwa na kinga, naye ndiye aliyeinyima.

Wasomaji wetu, miezi ya kiangazi ndiyo miezi ya kupaua, na wengi wetu tutaita mafundi. Kabla fundi hajapanda, na tuende wenyewe tukaitikise ngazi kwa mikono yetu. Kama twaona kwamba haifai kupandwa na mwana wetu, basi haifai kupandwa na mwana wa mtu mwingine.